Mkono wa Mwazimishaji

Gwakisa alikunja shati hadi kiwikoni hata kabla hajaniamkia, nami nikajua siku yangu imekwisha kuharibika.

Nilimwambia aushushe huo mkono na arudi barazani alikotoka. Hapa Mvukeni mchumba hapimwi. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ndugu wa mgonjwa wanapimwa, majirani wanapimwa, hata mgeni aliyekuja kuuza vitunguu akipita karibu tunamvuta kwa maneno matamu tumpime. Kazi ya mchumba ni kukaa nje, kunywa chai na kuulizia hali. Tangu bomba lilipopasuka kule kwenye kisima cha mvuke na kumuunguza Subilaga kuanzia mabegani hadi nyuma ya magoti, kijana huyu alikuwa amekunywa chai yetu mpaka birika likamzoea. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha kupimia, na hakuonyesha dalili ya kuinuka.

"Shikamoo, Shangazi Tumpe," akasema, kama mtu aliyekumbuka adabu akiwa njiani. "Nataka kujua tu."

"Marahaba. Na ukishajua, utafanya nini?"

"Sijui. Ila kukaa bila kujua siwezi tena."

Siku nyingine ningemfukuza. Lakini tulikuwa tumekwisha kupima watu wazima wote wa Mvukeni, hata yule mwenye kilabu anayezimia akiona sindano, na hakuna aliyefaa kumwazimisha Subilaga uponaji wa mwili wake. Mzee Ambakisye, baba yake Subilaga, alikuwa amekaukwa na sauti kwa kupiga simu vituo vya miji mingine. Alipatikana mama mmoja kule pwani ambaye angefaa, ila alikuwa ametoka kumwazimisha mtu mwingine, na mkono wake ulikuwa bado haujarudi katika hali yake. Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka huruma yake haina breki. Nikamchoma Gwakisa kidoleni, nikaweka tone la damu kwenye mashine.

Taa ikawaka kijani.

Niliigeuza mashine ikatazama ukutani. Ulikuwa upuuzi mtupu, maana wote wawili tulikuwa tumekwisha kuona. Gwakisa akashusha shati lake polepole, akafunga kifungo cha mkono, akashukuru na kutoka. Kilichoniogopesha ni huko kushukuru.

*

Nilikwenda kumsafisha Subilaga. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha hewa, uso wake kwenye tundu, kwa hiyo mtu ukitaka kuzungumza naye vizuri ilibidi ukae sakafuni. Mimi na magoti yangu haya nilikaa.

"Shangazi, leo miguu yako inatembea kama ya mtu anayekwenda msibani," akaniambia kabla sijasema lolote. "Nimekufa, hujaniambia?"

Huyo ndiye Subilaga. Ni fundi wa mabomba, na mdomo wake una moto kuliko kisima chochote alichowahi kukifunga. Nilimjibu kwamba angekuwa amekufa ningekuwa nimepumzika masikio, kisha nikawasha kioo na kukuza picha ya ukingo wa kidonda.

Ngozi ya mtu haikai bure hata siku moja. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufia juu na kupukutika, na kazi yote hiyo mwenyewe huisikii. Ukijikata, chembe za damu zinazoziba pale hupasuka na kumwaga wajumbe. Ndivyo tunavyoviita vichocheo vya ukuaji hapa kwetu, wajumbe, ingawa hawa hawana mhuri wala hawasubiri kukaribishwa chai. Mmoja huita seli za usafi zije zile vijidudu na uchafu. Mwingine huziamsha seli zinazosuka nyuzi za kushikilia nyama. Mwingine huiambia mishipa midogo ya damu ichipue. Halafu yupo ninayempenda kuliko wote, ambaye huzifikia seli za ngozi zilizosimama ukingoni mwa kidonda na kuziambia zitembee. Nazo huachiana, hujigawa, hutambaa juu ya nyama mbichi mpaka zikutane na wenzao waliotokea ng'ambo.

Za Subilaga zilikuwa zimesimama. Mvuke ulikuwa umeunguza mpaka kwenye mashina ya vinyweleo, ambako seli za akiba hukaa, na uvimbe wa muda mrefu ulikuwa ukiwatafuna wajumbe wachache waliobaki kabla ujumbe haujafika popote. Tulikuwa tumekwisha kujaribu wajumbe wa chupa, wanaotengenezwa viwandani. Hao hupiga kelele wote kwa pamoja, ilhali kidonda kinataka kila mmoja aseme kwa zamu yake. Mgonjwa wa mwisho tuliyemmwagia kwa wingi aliota kovu lililovimba kama tangawizi. Kidonda cha namna hii kinataka kusikia mwili mwingine ukipona, hatua kwa hatua, tangu mwanzo hadi mwisho.

Hiyo ndiyo kazi ya utandu. Tunamkata mwazimishaji mkato mdogo mkononi, tunalaza juu yake utandu hai, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa, na upande wa pili wa utandu huo unafunika kidonda cha mgonjwa. Utandu unasikiliza jinsi mkono unavyopona, unaukuza ujumbe ule ule kwa mpangilio ule ule, kisha, koki yake ikifunguliwa, unaupitisha ng'ambo. Mkato wenyewe tunauzuia usizibe mpaka kidonda cha mgonjwa kizibe. Kwa hiyo hao wawili hulala bega kwa bega kwa wiki nyingi, wakila pamoja na kuchoshana pamoja. Mwisho wake mgonjwa huondoka na ngozi, na mwazimishaji huondoka na mkono mmoja wa kizee, mwepesi kuchubuka. Baadhi ya seli zake hubaki kwenye mwili wa mgonjwa maisha yote.

Kwenye kona ya chini ya kidonda niliona ukijani ambao haukuwepo jana yake. Joto lake nalo lilikuwa limepanda. Daktari alikuwa amenionya kwamba vijidudu vikishuka chini ya pale, hatutakuwa tena na cha kuzungumza.

Subilaga akaniuliza kama tumepata mtu. Nikamwambia bado tunatafuta. Alinyamaza, na Subilaga akinyamaza ujue hajakuamini.

*

Nilipotoka nilimkuta Gwakisa ofisini kwangu, na safari hii hakuwa peke yake. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi, macho mekundu. Alikuwa amekwisha kuambiwa.

Mila yetu inasema hivi. Mwazimishaji akishawekewa utandu, kabla koki haijafunguliwa, lazima amwite mgonjwa kwa jina la udugu mbele ya mashahidi. Dada, kaka, mama, baba, kulingana na umri. Akishalitamka, wamekuwa ndugu. Watoto wao hawataoana, na wao wenyewe ndiyo kabisa. Wageni hudhani tumeirithi kutoka kwa mababu waliokuwa wakichanjana na kulambana damu. Labda neno udugu tulilitoa huko, lakini sababu ni yetu wenyewe, na mimi naijua kuliko wengi.

Gwakisa ndiye aliyeanza. Aliomba tuweke pazia. Tunalo, tunawawekea waazimishaji wenye haya, linapita katikati ya vitanda na kuacha tundu la mkono tu. Alisema tumwambie Subilaga kwamba yule mama wa pwani amekuja, na yeye atakaa kimya upande wa pili, bila kutamka neno la udugu, mpaka kazi iishe.

"Hata kukohoa sitakohoa," akasema.

Nilimuuliza tangu lini yeye, anayeimba akioga mpaka nyumba ya tatu wanaitikia, akaweza kunyamaza kutwa. Hakucheka. Mzee Ambakisye hakucheka pia. Akasogea mezani, akasema pazia ni jambo la kitoto, yeye ana njia iliyonyooka. Mchungaji yuko karibu. Wafungishwe ndoa leo hii pale pale kitandani, halafu mume amwazimishe mkewe, maana nani atawaambia mume na mke wawe ndugu? Watu watanung'unika kidogo, kisha watazoea. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nilikaa chini. Nilijikuta nikimtazama mzee huyu ninayemheshimu na kumwonea huruma, na huku hasira inanipanda.

"Mzee wangu," nikamwambia, "Tusekile alifungishwa ndoa wapi?"

Akainamisha kichwa. Gwakisa hakumjua Tusekile, kwa hiyo nilimweleza. Alikuwa dada yangu mkubwa. Aliungua miaka ile mji huu ulipokuwa mahema na mabomba tu, na utandu ulikuwa jambo jipya ambalo halijawekewa kanuni. Aliyefaa kumwazimisha alikuwa kijana mmoja mpole wa kambi ya pili. Alimpenda dada yangu, hakuwa mwongo. Akaomba wafunge ndoa kwanza, na dada yangu akakubali akiwa na homa, akiwa amelala kifudifudi, mbele ya mtu aliyeshika koki. Alipona vizuri sana. Ngozi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Na kila walipogombana, hata kwa chumvi iliyozidi kwenye mboga, mumewe alimwambia: hiyo ngozi uliyovaa ni yangu. Alipojaribu kuondoka watu walimcheka, wakasema shukrani ya punda ni mateke. Akarudi. Alizeeka kabla ya umri wake ndani ya nyumba ile na akafia humo. Siku tuliyomzika ndiyo mkutano uliitishwa, mila ikawekwa, na tangu hapo hakuna mwanamume Mvukeni aliyemponya binti ikawa ndiyo mahari yake.

"Na wewe mzee ulikuwepo," nikasema. "Ulinyoosha mkono ukakubali."

"Nilinyoosha," akajibu. "Mtoto wangu alikuwa hajazaliwa."



"Mimi si mtu wa namna hiyo, Shangazi," Gwakisa akasema.

"Najua. Shemeji yangu naye hakuwa mtu wa namna hiyo siku ile."

Pale nilipoketi nililiona pazia kupitia mlango ulioachwa wazi, limekunjwa kwenye fimbo yake, safi, limepigwa pasi. Kulivuta ni kazi ya mkono mmoja. Nitasema ukweli: nilitamani. Nilimpenda yule binti, nilimpenda na huyu kijana mjinga wake, na nilikuwa nimekwisha kuwaona kichwani na watoto wao. Nani angejua? Ningejua mimi, na angejua Gwakisa, na siku moja wakiwa na njaa au usingizi, wakigombania chumvi, pengine Gwakisa angesema.

Kisha nikagundua jambo la aibu. Watu watatu tulikuwa tumekaa tukigawana mgongo wa mtu, na mwenye mgongo hakuna aliyemuuliza.

*

Nilirudi sakafuni peke yangu. Mficha uchi hazai, nikajiambia, na nikamweleza Subilaga yote: taa ya kijani, pazia, ndoa ya kitandani, ukijani ulioko kwenye kidonda chake. Nilimwambia pia kwamba ningeweza kuitisha mkutano wa mji uifikirie mila upya, ila mkutano wetu uliwahi kubishania rangi ya lango mpaka lango lenyewe likaota kutu.

Alicheka kidogo hapo. Mabega yakamtikisika, akaumia, akaacha.

"Nyuma ya pazia ningemjua," akasema. "Anakoroma."

Kisha akalia. Mtu anayelia akiwa ametazama chini machozi yake hayapiti shavuni, yanadondoka moja kwa moja, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale yanapodondokea. Nilimpangusa kwa kona ya kanga yangu. Sikumwambia anyamaze.

Alipotulia akaniuliza kuhusu Tusekile. Hakuuliza alivyoteswa. Aliuliza kama alimpenda yule mwanamume.

"Mwanzoni alimpenda sana," nikamjibu.

"Na baadaye?"

"Baadaye hakujua. Aliniambia mwenyewe. Akimpikia, akimfulia, akilala naye, hakujua tena kama anampenda au anamlipa. Alisema hicho ndicho kilichomuuma kuliko maneno."

Hewa ya kitanda ilikuwa ikipuma chini ya Subilaga. Nje nilimsikia baba yake akizungumza na mtu, sauti imemkauka.

"Mimi sasa hivi najua," akasema mwishowe. "Nampenda Gwakisa, simdai wala hanidai. Nataka nibaki ninajua hivyo hivyo, Shangazi. Hata kama sitampata."

Nikamuuliza kama ana hakika, kama homa haimsemeshi. Akaniambia niache kumuuliza maswali ya mtihani, nikamwite Gwakisa aje amwazimishe kwa mila, kabla yeye mwenyewe hajabadilisha mawazo.

*

Gwakisa aliambiwa na Mzee Ambakisye, mimi sikuwa na nguvu. Sijui walisemezana nini. Walipoingia kijana alikuwa amenawa uso, na ukosi wake ulikuwa umelowa. Mzee alisimama upande wa miguu ya binti yake kama shahidi, daktari akasimama upande wa pili. Pazia liliachwa kwenye fimbo yake.

Nilimlaza Gwakisa kwenye kitanda cha pembeni, nikamkata mkononi. Hakushtuka. Nikasubiri damu igande kidogo, maana huo ndio mlango wanaotokea wajumbe wa kwanza, kisha nikautandaza utandu kuanzia kwenye mkato wake mpaka kwenye kidonda chote cha Subilaga. Ulilala vizuri. Nikashika koki.

Hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha mwazimishaji neno. Litoke kwake, asilazimishwe, na akishindwa tunautoa utandu bila lawama. Hivyo nilisimama nikangoja. Gwakisa akafungua kinywa, kikabaki wazi. Akakifunga. Akajaribu tena, likatoka jina lake tu, Subilaga, kwa sauti ya mtu anayeita mtu aliye mbali. Hilo halihesabiwi. Akatikisa kichwa. Mkono wake usio na utandu ulikuwa umeshika vidole vya binti, kama alivyovishika siku walipokuja kutambulishana kwa wazee, na nadhani hakuwa na habari kwamba amevishika.

Muda ukapita. Daktari akanitazama. Utandu usio na koki wazi hauishi sana. Mzee Ambakisye alikuwa amefumba macho, midomo yake inacheza, sijui alikuwa anaomba lisemwe au lisisemwe.

"Kaka," Subilaga akasema.

Alisema akiwa ametazama sakafu, kwa ile sauti yake ya kazini, ya mtu anayewaambia wenzake wageuze bomba.

"Kaka Gwakisa, usiniweke hivi. Mgongo unaniuma."

Mila haisemi hivyo. Mila inasema mwazimishaji ndiye huanza, na mimi ndiye niliyekuwa mkali wa mila pale ndani. Nilinyamaza kimya kabisa. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya daktari na sikuyajali.

Gwakisa akavuta pumzi. Akaviachia vile vidole, kimoja kimoja, akakamata kifundo cha mkono wa binti badala yake, kama mtu anavyomshika mdogo wake wakivuka barabara.

"Naam, dada," akasema. "Nipo."

Nikafungua koki.

Mzee Ambakisye alitoka nje. Daktari alibaki kidogo, akapima joto, akanigusa bega na kuondoka. Mimi nilivuta kiti nikakaa mbele ya kioo, kwa sababu mwanzoni lazima mtu akae, na kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda na moyo wangu. Subilaga alisinzia kwa dawa. Wajumbe wa kwanza walivuka mchana, wale wa kuita usafi. Nikaona ule ukijani ukianza kufifia ukingoni. Waliofuata walichelewa. Nilikula ndizi nikiwa nimekaa pale pale, nikamlisha na Gwakisa nusu yake, akatafuna bila kusema kitu.

Jua lilikuwa limeinama nilipoiona seli ya kwanza ikijivuta. Ilijinyoosha, ikaachia wenzake, ikatambaa kidogo kuelekea kwenye nyama iliyo wazi. Ya pili ikaifuata. Baada ya muda ukingo mzima ulikuwa unacheza, na mimi niliyekwisha kuliona jambo hilo mara nyingi niliweka mkono kinywani.

Gwakisa hakuweza kukiona kioo kutoka pale alipolala. Alikuwa ametazama dari tangu asubuhi. Labda alisikia pumzi yangu imebadilika.

"Shangazi," akaniuliza taratibu ili asimwamshe, "dada anaendeleaje?"

Nikamwambia seli zake zimeanza kutembea. Akasema vizuri. Kisha akageuzia uso ukutani, akalia muda mrefu, na ule mkono wenye utandu hakuutikisa hata mara moja.